Maswali ya Wasomaji: Nchi ndogo inapokabidhiwa azimio la mkubwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa somo la Uraia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Katika mdahalo wa kidato cha nne kuhusu Umoja wa Mataifa, mwanafunzi mmoja alisimama akasema kwamba mwaka 2002 Uruguay na Kuba zilivunjiana uhusiano kwa sababu ya karatasi moja iliyopelekwa Geneva, na kwamba mwenye karatasi hiyo hasa alikuwa Marekani, Uruguay ikiwa mbebaji tu. Wenzake walimzomea, nami sikuwa na jibu la kumtetea wala la kumkanusha. Je, ni kweli? Na taifa lenye nguvu kama Marekani linahitaji nini kwa nchi yenye watu wasiofika milioni 4? Au ni yale yale ya fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi?
(Mwalimu, Tanga)

JIBU: Mwalimu, mfikishie mwanafunzi wako salamu zangu, kwa kuwa alichosema ni kweli kwa sehemu kubwa, na hiyo sehemu iliyobaki ndiyo inayostahili kipindi kizima darasani.

Kabla ya Baraza la Haki za Binadamu tulilonalo sasa, lililoundwa mwaka 2006 na lenye wajumbe 47, kulikuwa na Tume ya Haki za Binadamu yenye nchi wanachama 53, ambayo ilikutana Geneva kila mwaka kati ya Machi na Aprili. Katika miaka ya 1990 Marekani ilikuwa ikipeleka huko azimio la kuikosoa Kuba kwa kuwafunga wapinzani, kuzuia magazeti huru na kutoruhusu chama kingine cha siasa zaidi ya Chama cha Kikomunisti. Mambo hayo yalikuwepo kweli, wala hakuna aliyehitaji kuyazua. Hata hivyo, Aprili 1998, miezi mitatu baada ya Papa Yohane Paulo wa Pili kuzuru Havana, mji mkuu wa Kuba, azimio hilo lilianguka: nchi 16 ziliunga mkono, 19 zilipinga, na 18 zilijizuia kupiga kura.

Lilianguka kwa sababu wengi waliokuwa ukumbini hawakutaka kusimama nyuma ya mlalamikaji yule. Marekani ilikuwa imeiwekea Kuba vikwazo vya biashara tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila mwaka kuanzia 1992 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, New York, lilikuwa likipiga kura ya kutaka vikwazo hivyo viondolewe. Balozi wa nchi maskini aliyeulizwa kwa nini hakuunga mkono azimio la Geneva aliweza kujibu, bila kuona haya, kwamba hawezi kumsaidia jirani mkubwa kumsuta jirani mdogo ambaye mkubwa huyo huyo amembana koo. Jibu hilo liliiokoa serikali ya Havana. Kwa wafungwa wake halikuwa na msaada wowote, na jambo hili nitalirudia mbele.

Mwaka uliofuata, basi, karatasi ilikuja kwa mkono mwingine. Jamhuri ya Czech, ikisaidiwa na Poland, iliwasilisha azimio, nalo likapita kwa tofauti ya kura moja: 21 kwa 20, huku nchi 12 zikijizuia. Wacheki walirudi nalo mwaka 2000 na 2001, na mara zote mbili likapita. Hapa ningependa wanafunzi wako watulie kidogo. Rais wa Czech wakati huo alikuwa Václav Havel, mwandishi wa tamthilia ambaye utawala wa Kikomunisti wa nchi yake ulimfunga karibu miaka minne, kuanzia 1979 hadi 1983, kwa sababu ya kutetea haki za raia. Serikali ya mtu kama huyo inapozungumza juu ya wafungwa wa Havana, ni vigumu kusema kwamba imetumwa. Marekani ilifurahi, bila shaka, na bila shaka ilisaidia kutafuta kura. Lakini Wacheki walikuwa wakisema jambo walilolijua kwa ngozi yao. Serikali ya Kuba haikukubali hilo hata kidogo, na mwaka 2000 maandamano makubwa yalipitishwa mbele ya ubalozi wa Czech mjini Havana.

Kisha likatokea jambo ambalo wachache walilitarajia. Mei 2001, Marekani ilishindwa katika uchaguzi wa wajumbe wa Tume, ikapoteza kiti ilichokuwa imekikalia tangu chombo hicho kilipoanza kukutana mwaka 1947. Kwa hiyo katika kikao cha 2002 Wamarekani waliketi kama watazamaji, wakiwa na ruhusa ya kusema na kushawishi, lakini bila kura. Hapo ndipo ilipoingia Uruguay, chini ya Rais Jorge Batlle, na kuwasilisha azimio juu ya Kuba kwa niaba ya kundi la nchi.

Maneno ya azimio lile yalikuwa laini mno ukiyalinganisha na moto yaliouwasha. Kwanza yaliitambua juhudi ya Kuba katika haki za kijamii, yaani shule na hospitali, licha ya mazingira magumu ya kimataifa. Halafu yakaialika ijitahidi kupata maendeleo kama hayo katika haki za kiraia na za kisiasa. Mwisho yakaiomba impokee mwakilishi wa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu. Hayakutaja adhabu yoyote. Tarehe 19 Aprili 2002 azimio lilipita kwa kura 23 dhidi ya 21, nchi 9 zikijizuia. Rais Fidel Castro wa Kuba alimwita Batlle hadharani Yuda, na siku chache baadaye Batlle akavunja uhusiano wa kibalozi. Ulirudishwa tarehe 1 Machi 2005, siku ambayo Rais mpya wa Uruguay, Tabaré Vázquez, aliapishwa.

Sasa, je, Uruguay ilisukumwa? Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo yake, na soko la Marekani likafungwa kwa nyama yake mbichi, katika nchi ambayo ng'ombe ni uti wa mgongo wa uchumi. Mwishoni mwa mwaka huo huo Argentina, jirani yake, ilianguka kifedha, na wenye akiba wakaanza kuzitoa fedha zao katika mabenki ya Montevideo, mji mkuu wa Uruguay. Februari 2002 Batlle alikutana na Rais George W. Bush mjini Washington. Aprili ikaja kura. Mwishoni mwa Julai mabenki yakafungwa, na mwanzoni mwa Agosti Marekani ikatoa mkopo wa dharura wa dola bilioni 1.5, nayo yakafunguliwa tena. Castro aliyaunganisha mambo haya moja kwa moja na kusema kwamba kura iliuzwa. Batlle alikanusha, na kwa hakika alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuficha kwamba hapendi utawala wa chama kimoja.

Kwa maoni yangu, ushahidi wa mauziano haupo, wala hauhitajiki ili tuelewe kilichotokea. Mwenye deni hangoji kukumbushwa. Waziri wa fedha anayejua kwamba mwezi ujao atabisha hodi Washington hana haja ya kupigiwa simu juu ya Geneva. Anajua mwenyewe siku gani si nzuri ya kumuudhi mwenye hazina. Lakini kuna jambo jingine ambalo wanaoiita Uruguay kibaraka hulipita haraka: Novemba ya mwaka huo huo, pale New York, Uruguay ilikuwa miongoni mwa nchi 173 zilizopiga kura ya kutaka vikwazo dhidi ya Kuba viondolewe. Waliopinga walikuwa watatu tu: Marekani yenyewe, Israel na Visiwa vya Marshall. Yaani nchi ile ile, mwaka ule ule wa njaa ya fedha, iliiambia Havana kwamba inawakosea wafungwa wake, na ikaiambia Washington kwamba inawakosea Wakuba wote. Mimi naona hapo nchi ndogo iliyojaribu kusema kweli mbili kwa wakubwa wawili, ikasikika kwa moja tu.

Ndiyo maana, Mwalimu, methali ya fahali na nyasi haitoshi hapa. Nyasi hazipigi kura. Hapa nyasi zilitakiwa ziinue mkono mbele ya ukumbi mzima na jina lao lisomwe.

SWALI: Mhariri, huwa tunasikia tu kwamba nchi fulani "imeshinikizwa". Naomba utueleze shinikizo lenyewe linafanyikaje. Nani humwambia nani, na kwa maneno gani?
(Msomaji, Mombasa)

JIBU: Dada yangu, mara nyingi halina kelele. Wiki chache kabla ya kura, balozi wa nchi kubwa huomba kuonana na waziri wa mambo ya nje, au katibu mkuu wa wizara, katika mji mkuu wa nchi ndogo. Geneva si mahali pa kuanzia, kwa sababu mwakilishi aliyeko huko hupokea maagizo tu. Balozi huja na karatasi ya kurasa moja au mbili, isiyo na sahihi wala nembo, akaisoma kwa sauti, akaiacha mezani. Karatasi huzungumzia azimio. Mazungumzo yanayofuata huzungumzia mambo mengine: ule mkataba wa biashara unaosubiri kuidhinishwa, ule mradi wa barabara, zile nafasi za wanafunzi, ile ziara ya rais ambayo tarehe yake bado haijapangwa. Hakuna anayeviunganisha viwili hivyo kwa mdomo. Vimewekwa tu kwenye meza moja.

Itazame Honduras. Mwaka 2004 nchi hiyo, chini ya Rais Ricardo Maduro, ndiyo iliyowasilisha azimio juu ya Kuba. Honduras ilikuwa imerudisha uhusiano wa kibalozi na Kuba miaka miwili tu kabla ya hapo, na tangu kimbunga Mitch cha mwaka 1998 madaktari wa Kikuba walikuwa wakiwatibu watu wake katika vijiji ambako daktari mwingine hakutaka kwenda. Upande wa pili, maelfu ya Wahonduras walikuwa wakiishi Marekani kwa kibali cha muda kilichotolewa baada ya kimbunga hicho hicho, kibali ambacho kilikuwa kikiisha na kuhitaji kuongezwa na serikali ya Washington. Mkataba wa biashara huria kati ya Marekani na Amerika ya Kati ulikuwa umekamilika majadiliano na unangoja sahihi, ambazo zilitiwa Mei 2004. Na askari wa Honduras walikuwa wametumwa Iraki. Waziri wa Honduras aliyepokea karatasi isiyo na sahihi aliyaona hayo yote mezani pasipo kuonyeshwa. Mama aliyeko Tegucigalpa, mji mkuu wa Honduras, anayelishwa na mtoto wake anayefua nguo Miami, naye alikuwa mezani hapo.

Azimio la 2004 lilipita kwa kura moja, 22 kwa 21, nchi 10 zikijizuia. Muda mfupi baada ya kura, nje ya ukumbi, mwanaharakati mmoja Mkuba aliyeishi uhamishoni alipigwa na mtu wa ujumbe wa Kuba hadi akaanguka, na walinzi wa Umoja wa Mataifa wakalazimika kuingilia. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu taarifa za kibalozi hutufanya tudhani kwamba kumbi hizi ni za watu wasio na damu. Na ninataja pia, kwa haki, kwamba mwaka uliofuata madaktari wa Kikuba walikuwa bado wako kazini Honduras. Serikali ya Kuba haikuwaadhibu wagonjwa kwa kura ya rais wao.

Wala usidhani kwamba Havana ilikaa kimya ikisubiri kuonewa. Mwaka 2002 Mexico ilipounga mkono azimio la Uruguay, Castro aliwaita waandishi wa habari na kuwasikilizisha mazungumzo ya simu kati yake na Rais Vicente Fox, aliyoyarekodi mwezi mmoja kabla. Ndani yake Fox anasikika akimwomba Castro, kwa upole mwingi, ahudhurie mkutano wa kimataifa wa Monterrey, nchini Mexico, ale chakula cha mchana na marais wenzake, kisha aondoke, na asimshambulie Bush. Serikali ya Mexico ilikuwa imekanusha kwamba kulikuwa na ombi la namna hiyo. Kuitoa kanda ile kulikuwa adhabu kwa kura ya Geneva, na onyo kwa kila rais wa Amerika ya Kilatini aliyewahi kuzungumza na Havana kwa simu.

SWALI: Azimio la namna hii lina nguvu gani ya kisheria? Nchi iliyoshutumiwa ikilidharau, inafanywa nini?
(Msomaji, Bukoba)

JIBU: Halina nguvu ya kulazimisha. Si kama uamuzi wa Baraza la Usalama, ambao nchi zote zinawajibika kuutii. Kinachopatikana ni kumbukumbu rasmi, na wakati mwingine mtu: mwakilishi au mchunguzi anayepewa jukumu la kuandika ripoti kila mwaka. Kwa Kuba aliteuliwa mwanasheria wa Kifaransa, Christine Chanet, mwaka 2003. Hakuruhusiwa kuingia nchini humo hata mara moja, na kazi yake ilifutwa mwaka 2007, Baraza jipya lilipopanga taratibu zake. Kwamba serikali zenye majeshi na dola huhangaika usiku na mchana kuzuia karatasi isiyo na nguvu ya sheria ni dalili tosha kwamba zinaiogopa.

SWALI: Mbona magazeti yetu huitaja Marekani tu kila inapozungumzwa habari ya kuzisukuma nchi ndogo? China haifanyi hivyo? Na sisi Waafrika, tumewahi kuwa na msimamo wa kugharimu?
(Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hufanya, ndugu yangu, na kwa ustadi usiopungua. Mwaka 1995 azimio la kuikosoa China lilikosa kupita Geneva kwa kura moja, 20 kwa 21, na Beijing haikuisahau siku ile. Kwa miaka hiyo Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiliunga mkono azimio hilo kwa pamoja. Mwaka 1997 Ufaransa ilijitoa, na Ujerumani, Italia na Uhispania zikafuata nyuma yake. Iliyobaki na mzigo ilikuwa Denmark, wakati huo nchi ya watu wasiozidi milioni 6, ambayo iliamua kuliwasilisha azimio kama mtu anayesema, "Kama wakubwa wangu wamechoka, mimi sijachoka." Msemaji wa wizara ya mambo ya nje ya China alionya kwamba azimio hilo litageuka jiwe litakaloangukia kichwa cha serikali ya Denmark.

China haikungoja hata azimio lijadiliwe. Ilitumia kanuni iliyoruhusu mjumbe kuomba Tume isichukue hatua yoyote juu ya hoja, na ombi hilo likapita kwa kura 27 dhidi ya 17, nchi 9 zikijizuia. Ziara za mawaziri kutoka Denmark na Uholanzi ziliahirishwa. Mwezi uliofuata Rais Jacques Chirac wa Ufaransa alipokewa Beijing kwa heshima zote, na China ikatia sahihi ya kununua ndege 30 za Airbus. Huniambii kwamba Wadenmark hawakuisoma habari hiyo ya ndege. Jeraha lao kubwa zaidi, nadhani, halikutoka kwa Wachina. Lilitoka kwa wenzao wa Ulaya, waliokuwa wamekula nao kiapo kimoja.

Karibu zaidi na sisi kwa wakati, Juni 2021, Ukraine ilitia jina lake kwenye tamko la pamoja lililoongozwa na Kanada juu ya hali ya Waislamu wa Uighur katika jimbo la Xinjiang, kisha baada ya siku chache ikaliondoa. Shirika la habari la Associated Press, likiwanukuu wanadiplomasia, liliripoti kwamba China ilikuwa imetishia kuzuia shehena ya dozi zisizopungua 500,000 za chanjo ya korona zilizokuwa njiani kwenda Kyiv. Kumbuka hali ya mwezi ule: watu walikuwa wakifa, na nchi tajiri zilikuwa zimezihodhi chanjo zao. Mimi siwezi kumlaumu yeyote aliyesema jina liondolewe. Ninamlaumu aliyeiweka sindano ya mgonjwa kwenye mizani moja na wafungwa wa Xinjiang.

Oktoba 6, 2022, Baraza la Haki za Binadamu lilipiga kura juu ya kufanya mjadala, mjadala tu, kuhusu ripoti ya Xinjiang iliyokuwa imetolewa na ofisi ya Kamishna Mkuu usiku wa mwisho wa Agosti. Pendekezo lilishindwa, 17 kwa 19, nchi 11 zikijizuia. Miongoni mwa nchi za Kiafrika zilizokuwa na kura, Somalia peke yake ilisema ndiyo. Malawi, Benin, Gambia na Libya zilijizuia, na zilizobaki zilipinga. Sitaki kudai kwamba najua kilicho moyoni mwa kila serikali, lakini ukiwa Mwislamu wa Lamu au wa Ujiji, na ukaona kwamba Pakistan, Indonesia, Qatar na Falme za Kiarabu zilikataa hata kuzungumzwa kwa Waislamu wenzao waliofungiwa makambini, una haki ya kuuliza mikopo na biashara vilikuwa na uzito gani siku ile.

Na kwa swali lako la pili, ndiyo, tumewahi. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe ili Waafrika walio wengi wasipate kutawala. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, waliokutana Addis Ababa, walipitisha azimio kwamba Uingereza isipouvunja uasi huo kufikia tarehe 15, nchi za Kiafrika zivunje uhusiano nayo. Ilipofika tarehe hiyo, nyingi zilipata udhuru. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa miongoni mwa chache zilizotekeleza, na mkopo wa Kiingereza wa pauni milioni 7.5 usio na riba, uliokuwa unangojewa kwa ajili ya maendeleo ya nchi changa, ukazuiwa. Mapema mwaka huo huo Ujerumani Magharibi ilikuwa imeondoa msaada wake wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu Ujerumani Mashariki kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Mwalimu akajibu kwa kuwaambia waondoe na misaada yao mingine iliyobaki. Pauni milioni 7.5 zilikuwa fedha nyingi mno kwa nchi ile, na kila zahanati ambayo haikujengwa ilikuwa na watu wake. Ninalisema hili kwa sababu huwa tunausimulia msimamo ule kama wimbo, tukawasahau waliougharimia.

SWALI: Nimesoma mjadala wenu wa matoleo yaliyopita kuhusu kura za Geneva na kila mara nabaki na swali moja. Wale wafungwa wenyewe walipata nini?
(Msomaji, Unguja)

JIBU: Hili ndilo swali nililotamani lije kwanza.

Machi 2003, Tume ikiwa ndiyo kwanza imeanza kikao chake Geneva na macho ya dunia yakiwa yameelekezwa Iraki, ambako vita vilikuwa vinaanza, polisi wa Kuba waliingia nyumba kwa nyumba wakawakamata waandishi, wakutubi waliofungua maktaba ndogo majumbani mwao, na watu waliokuwa wakikusanya sahihi za raia kuomba kura ya maoni. Wakafikishwa mahakamani kwa haraka, na 75 kati yao wakahukumiwa vifungo vya kati ya miaka 6 na 28. Tarehe 11 Aprili wanaume watatu walioiteka feri ya abiria ili wakimbilie Marekani waliuawa kwa kupigwa risasi, siku tisa tu baada ya kosa lao. Pale Geneva, Costa Rica ilipendekeza kwamba azimio la mwaka huo liwataje waliokamatwa na kutaka waachiliwe. Pendekezo hilo lilikataliwa. Azimio lililopita, kwa kura 24 dhidi ya 20, lilikuwa fupi na lilihusu zaidi ziara ya mwakilishi wa Kamishna Mkuu. Watu 75 waliokuwa selo mwezi ule hawakutajwa.

Wake zao, mama zao na dada zao ndio waliowataja. Kila Jumapili walikwenda kwenye misa katika kanisa la Mtakatifu Rita, mtaa wa Miramar mjini Havana, wakiwa wamevaa nguo nyeupe, na baada ya misa wakatembea kimya kando ya barabara ya Quinta Avenida, kila mmoja akiwa na ua la gladioli mkononi. Walitukanwa na makundi yaliyoletwa kwa mabasi, wakasukumwa, wakarudi Jumapili iliyofuata. Februari 2010 mfungwa mmoja, Orlando Zapata Tamayo, fundi bomba na fundi matofali, alikufa baada ya mgomo mrefu wa kula. Miezi michache baadaye Kardinali Jaime Ortega wa Havana alikubaliana na Rais Raúl Castro, mdogo wake Fidel, serikali ya Uhispania ikisaidia, kwamba 52 waliokuwa bado ndani kati ya wale 75 waachiliwe. Wengi walipelekwa Uhispania wakitokea gerezani moja kwa moja. Waliokataa kuhamishwa nchi yao walicheleweshwa hadi mwisho, na wawili wa mwisho, José Daniel Ferrer na Félix Navarro, walitoka Machi 2011.

Kwa hiyo ukiniuliza kama kura ya Uruguay au ya Honduras iliwafungulia mlango, jibu langu ni hapana. Lakini ukiniuliza kama ilikuwa bure, hapo nasita, kwa kuwa baadhi ya waliofungwa walisema baada ya kutoka kwamba kujua kuna mahali majina ya wenzao yanasomwa kuliwapa nguvu ya kuamka. Kinachoniuma ni kwamba jina la mfungwa lilifika Geneva likiwa limekwisha kupitia kwenye meza ya nyama ya ng'ombe, ya mkataba wa biashara na ya vibali vya kuishi Miami, na lilipofika lilikuwa halifanani tena na jina la mtu. Serikali ya Kuba iliitumia harufu hiyo ya meza kuwaambia raia wake kwamba hakuna wafungwa, kuna mamluki tu.

Julai 2021 watu waliingia barabarani katika miji mingi ya Kuba kwa sababu ya njaa, kukatika kwa umeme na ukosefu wa dawa. Félix Navarro alikwenda kituo cha polisi kuuliza habari za waliokamatwa, akakamatwa naye, akahukumiwa miaka 9. Binti yake, Sayli, aliyekuwa amekulia katika safari za kwenda kumwona baba gerezani na ambaye alikuwa mmoja wa wale wanawake wa nguo nyeupe, alihukumiwa miaka 8. Mwaka huo Kuba ilikuwa na kiti katika Baraza la Haki za Binadamu, na nchi kubwa na ndogo ziliendelea kupokea karatasi zisizo na sahihi.